Rais wa klabu hubadilika Julai, tangi halibadiliki

Kwa Mhariri,

Kila Julai 1 vilabu vya huduma vya Rotary na Lions, vya hapa Nairobi na kwingineko, huanza mwaka mpya. Rais mmoja huvua mkufu, mwenzake huvaa, na baada ya miezi 12 naye humpisha mwingine. Utaratibu huo una uzuri wake, kwani hakuna anayezeekea kitini. Una kasoro pia, ambayo wanachama wanaijua na wachangaji hawaijui: rais mpya huja na mradi wake, ule wa mwaka jana ukabaki hauna mwenyewe. Ninalopendekeza ni jambo dogo. Kila mkutano utenge dakika kumi za kuulizia miradi ya zamani, na dakika hizo zije mapema, kabla mgeni hajasimama kuzungumza.

Kwa ambaye hajawahi kuhudhuria, mkutano huwa wa kama saa moja, mchana au jioni watu wakitoka kazini. Kengele hugongwa, wimbo wa taifa ukaimbwa, wageni wakatambulishwa, katibu akasoma matangazo. Sajenti, mwanachama anayesimamia nidhamu, hupita akitoza faini: simu iliyolia, beji iliyosahauliwa nyumbani. Kisha mgeni huzungumza, huulizwa maswali, hushukuriwa, kengele tena. Miradi hupewa dakika zilizosalia, na kufikia hapo nusu ya watu wameshika funguo za gari kwa kuogopa msongamano wa Waiyaki Way. Mbaya zaidi, tangu 2016 Rotary imeruhusu klabu kukutana hata mara mbili tu kwa mwezi. Klabu inayoitumia ruhusa hiyo inabaki na saa mbili za kuendesha kila kitu.

Dakika kumi zitafanya nini? Chukua tangi la maji ya mvua shuleni, zawadi inayopendwa na vilabu kuliko zote kwa sababu linaonekana, linapakwa nembo na linapigwa picha vizuri.

Hesabu yake ni nyepesi. Milimita moja ya mvua juu ya mita mraba moja ya paa ni lita moja. Paa la madarasa mawili lenye mita 16 kwa 8 ni mita mraba 128. Ukiondoa kama asilimia 20 inayorukia nje na kukauka kwenye mabati, kila milimita inaleta takriban lita 100. Kwa hiyo tangi la lita 10,000 hujaa kwa milimita 100 za mvua, na Aprili, mwezi wa mvua nyingi zaidi hapa jijini, huweza kulijaza na kulimwaga. Tatizo huja baada ya masika. Juni hadi Septemba Nairobi hupata manyunyu tu. Shule ya wanafunzi 400, kila mmoja akinywa lita moja kwa siku, italimaliza kwa siku 25 za masomo. Maji hayo hayo yakipikia, yakioshea sakafu na kumwagwa vyooni, matumizi yakafika lita tano kwa mtoto, siku tano zimelikausha. Mwalimu mkuu asipoambiwa hesabu hii siku ya kukabidhiwa, atalaumu tangi, na klabu itamlaumu mwalimu.

Uzito nao husahaulika. Lita 10,000 ni tani kumi, mbali na tangi lenyewe. Sehemu kubwa ya mashariki na kusini mwa jiji, kuanzia South B hadi Embakasi na kwenda mbele, imekalia udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Msingi uliomwagwa juu ya udongo huo huinama. Tangi halianguki, ila bomba la kutokea maji huvutwa upande mmoja hadi likapasuka pale linapoungana na tangi, na hapo ndipo maji hupotelea usiku kucha. Dawa yake ni kuchimba udongo wote mweusi hadi kufikia ardhi ngumu, kujaza mawe na kifusi, kushindilia tabaka kwa tabaka, kisha kumwaga zege lenye nondo, pana kuliko kitako cha tangi. Gharama hiyo haionekani pichani, na ndiyo maana bajeti ikibana hukatwa ya kwanza.

Juu ya paa kuna gata, au mlizamu kwa Kiswahili cha shuleni. Inataka mteremko wa sentimita moja kwa kila mita. Kwa paa la mita 16, bomba la kushuka likiwa pembeni, upande mmoja lazima uwe chini ya mwingine kwa sentimita 16, na mvua kubwa itaruka juu ya ule upande ulio chini sana kutoka ukingo wa bati. Fundi anayejua kazi huweka bomba katikati, kila upande ukashuka sentimita 8 tu. Fundi wa haraka huifunga gata ikiwa sawasawa, kwa macho, maji yakatuama na mbu wakapata makazi. Kisha kuna mijakaranda. Maua yake ya zambarau huanguka mwezi Oktoba, wakati ule ule vuli inapobisha hodi, na hujikusanya kwenye mdomo wa bomba kama kizibo. Mvua ya kwanza ikija, maji humwagika ukutani na tangi likabaki kavu chini ya paa linalotiririka.

Maji ya kwanza baada ya kiangazi hayafai kuingia ndani, kwa kuwa yanaosha vumbi, kinyesi cha ndege na moshi wa barabarani. Mafundi huweka bomba la kuyapokea, lenye mfuniko chini. Wazo ni zuri, kipimo ndicho huwa cha aibu. Kumwaga nusu milimita tu ya kwanza kutoka paa letu la mita mraba 128 kunahitaji nafasi ya lita 64. Bomba la inchi nne hubeba kama lita nane kwa kila mita ya urefu. Bomba la mita moja unaloliona limening'inia kando ya tangi linazuia lita nane, na uchafu wote uliobaki unaingia kunywewa. Ama liwe refu mita nane, ama litumike pipa la lita 60 na ushei. Lolote litakalochaguliwa, lazima mtu alifungue na kulimwaga kila mvua inapokatika. Lisipomwagwa, linabaki limejaa, na mvua ya kesho inalipita moja kwa moja hadi ndani.

Mtu huyo ni nani? Jina lake, siyo cheo chake. "Uongozi wa shule" haufungui mfuniko.

Mwisho ni koki. Kwa maoni yangu miradi mingi ya matangi hufia hapa, kwenye kifaa cha bei nafuu kuliko vyote. Watoto huining'inia, washa (kile kipete kinachozuia maji kuvuja) huchakaa, inaanza kudondosha, mtu anaifunga kwa mpira wa tyubu, hatimaye inang'olewa. Nunua ya shaba, iweke nusu mita juu ya sakafu ili mtungi wa lita 20 usimame chini yake bila kuinamishwa, ifunge kwa kufuli, na mwachie mtunzaji washa sita za akiba ndani ya bahasha. Bomba litokee sentimita kumi juu ya kitako ili tope libaki chini lisije kikombeni. Bomba la kufurikia liwe na wavu wa mbu, na maji yake yapelekwe mbali na msingi, hasa kwenye ule udongo mweusi.

Sasa rudi mkutanini. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji mhandisi kulikagua. Mwanachama anayeishi karibu apite mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, kabla ya kila msimu wa mvua, aitazame gata, afungue mfuniko, afungue koki, apige picha ya maji yakitoka. Picha ya maji, tafadhali, siyo ya watu waliosimama mbele ya tangi. Jumatano au Alhamisi inayofuata, mara tu baada ya kutambulisha wageni, katibu anafungua daftari la miradi: kila mradi upo wapi, ulikabidhiwa lini, mtunzaji ni nani, nani alikagua mara ya mwisho, nini kimeharibika. Kila juma miradi mitatu au minne, kwa zamu, hata klabu yenye miradi 30 itakuwa imeizungukia yote ndani ya miezi mitatu. Sajenti aongeze faini moja: aliyepangiwa kukagua na hakwenda alipe mara tatu ya aliyesahau beji.

Fedha zipo, zikipangwa mapema. Kwenye vilabu vya Lions zilizochangwa na umma haziruhusiwi kugusa gharama za klabu yenyewe; hukaa kando na ada za wanachama, kwa ajili ya huduma. Washa na gata ni huduma. Kila bajeti ya mradi itenge asilimia kumi kwa ajili ya matengenezo ya miaka mitatu, na ipitishwe siku ile ile mradi unapopitishwa, maana baada ya Julai hakuna rais atakayeomba fedha za kurekebisha kitu chenye jina la mtangulizi wake.

Visima vinataka tahadhari zaidi. Maji ya visima vingi virefu vya Nairobi yana floridi iliyozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisipitwe, na meno ya kahawia ya watoto ndiyo ushahidi. Kuchemsha hakuiondoi; maji yakipungua sufuriani inazidi kukolea. Klabu iulize maabara kabla ya kutafuta mfadhili, na kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji kiwe mezani kabla ya mtambo wa kuchimba kuletwa.

Kambi za macho ni kazi ambayo Lions wameibeba tangu Helen Keller, mwandishi kipofu wa Marekani, alipowaomba mwaka 1925, na hospitali yao ya macho ipo hapa Loresho. Kambi hailegei siku yenyewe. Ubao wa herufi uko mita sita, miwani ya kusomea ipo, foleni inasonga. Hulegea Jumatatu. Mzee aliyekutwa na mtoto wa jicho ameandikiwa rufaa, lakini hana nauli, hana wa kumsindikiza, na simu aliyoandikisha ni ya jirani. Anayesajili aandike namba mbili, na kwa kila jina la rufaa kuwe na mwanachama mmoja wa kulifuatilia. Mkutano wa wiki inayofuata usome idadi ya waliofika hospitalini. Idadi ya waliopimwa inaweza kusubiri.

Miti nayo, kwa ufupi tu: chimba shimo la sentimita 45 hadi 60, vua karatasi ya nailoni kabla ya kufukia (wageni waheshimiwa ndio huisahau zaidi), panda mvua zikianza, wala si siku ambayo mheshimiwa ana nafasi. Bila mtu wa kumwagilia katika kiangazi cha kwanza, punguza miche iwe ishirini inayotunzwa.

Najua jibu litakalotolewa: dakika kumi zitamkera mgeni aliyealikwa. Mgeni huyo asikilize. Akiwa ni meneja wa benki au daktari, atajifunza kuhusu klabu hiyo mambo ambayo hotuba ya kumkaribisha haitamwambia, na huenda akatoa gata.

Makabidhiano ya Juni basi yasiishie kwenye karamu. Rais anayetoka na anayeingia wapande gari moja Jumamosi moja, wapitie kila mradi, watie saini daftari mbele ya mtunzaji. Na funguo za kufuli za koki zote zikusanywe siku hiyo hiyo, kila moja na kibandiko chake, moja ibaki kwa mtunzaji na nyingine kwa katibu.

Mwanachama wa klabu ya huduma,
Nairobi