Kosa huwa chini ya mataruma

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuwaandikie wasomaji wako wanaojenga reli za mfano majumbani na shuleni. Treni ndogo ikiacha njia kila ifikapo kwenye kona ileile, wa kwanza kulaumiwa ni kichwa, kisha magurudumu ya mabehewa. Mara nyingi kosa liko chini ya mataruma, vile vipande vya kukingama vinavyobeba reli: tandiko baya, yaani tabaka lililo kati ya mataruma na ubao, au reli iliyopigiliwa kwa nguvu.

Tuanze na msumari, maana huo umeharibu kazi nyingi. Reli ya kipimo cha HO, yaani 1 kwa 87, ina upana wa 16.5 mm, ni njia ya SGR, yaani reli ya kisasa, ya 1,435 mm iliyopunguzwa. (Wanaopenda TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia yenye upana wa 1,067 mm, wanaweza kutumia reli hiyohiyo kwa mfano wa 1 kwa 64, ila mataruma yataonekana membamba na yamebanana.) Mataruma haya ni ya plastiki. Ukigongomea pini katikati mpaka kichwa chake kikandamize, taruma hubonyea, ncha zake huinuka, na vyuma viwili huinamiana kwa juu. Upana hupungua kwa sehemu ya milimita ambayo jicho halioni, lakini gurudumu linaihisi. Pini iwe ya kushikilia tu wakati gundi inakauka, kisha ing'olewe.

Cha kufungia reli tunachokiamini ni akriliki ya kuzibia nyufa, ile ya mafundi rangi inayokamuliwa kwa bunduki. Silikoni halisi haifai: rangi haishiki juu yake, na gundi ya kokoto ndogo zinazomwagwa kati ya mataruma vilevile. Kamua mstari mmoja, utandaze kwa skrepa mpaka uanze kuona rangi ya tandiko kupitia gundi. Ikipanda kati ya mataruma, umeweka nyingi mno. Laza reli, inyooshe upesi kabla akriliki haijaanza kushika, pangia makopo yaliyojaa juu yake, uache hadi kesho. Ukigundua umekosea, skrepa nyembamba ikipitishwa chini huibandua reli bila kuivunja. Penye pointi, pale treni inapobadili njia, usipake chochote chini ya ndimi zinazohama. Tone moja likikauka pale, pointi imekwisha.

Kuhusu tandiko, chaguo letu ni koki, lile gome jepesi linalotengenezewa vizibo vya chupa. HO inatosha unene wa 5 mm. N, yaani 1 kwa 160 yenye upana wa 9 mm, inatosha 3 mm. Usipopata iliyokatwa tayari, ulizia maduka ya vipuri vya magari shiti za koki za kukatia gasketi. Chora mstari wa katikati ya njia juu ya plaiwudi, kata vipande viwili virefu, kisha bandika kimoja kila upande wa mstari. Kipande chembamba hukubali kona bila kupasuka. Maungio ya koki yasiangukie chini ya maungio ya reli. Ikikauka, pitisha msasa uliofungwa kwenye kibao, maana kinundu kidogo hapo hutikisa behewa zima.

Sponji ya godoro tunaikataa kabisa. Kichwa kizito kikipita, reli hudidimia na kuinuka, maungio hulegea, umeme hukatika. Povu jeupe la kufungashia runinga hupukutika, tena gundi zenye kiyeyushi kikali huliyeyusha.

Pwani kuna adui mwingine. Watu huogopa joto kurefusha reli, lakini reli ya mita 1 ikipata joto la nyuzi 10 zaidi hurefuka kwa chini ya 0.2 mm. Kinachosumbua zaidi ni mbao za fremu, ambazo huvimba wakati wa masika na kunywea kiangazi. Zikinywea, reli iliyobanwa bila nafasi hujikunja kama nyoka. Paka plaiwudi na fremu vanishi mikono miwili, pande zote hata kwenye ncha zilizokatwa, kabla ya kubandika chochote. Kwenye njia iliyonyooka acha mwanya wa unene wa kadi ya harusi kila ungio, na kila kipande cha reli kipate waya wake wa umeme. Kwenye kona, unga reli kwa risasi ya kulehemu kabla ya kukunja, la sivyo ungio litavunjika pembe.

Kokoto ziwe za mwisho, baada ya treni kuzunguka siku kadhaa, mbele na kinyumenyume. Gundi nyeupe ya seremala huchanganywa nusu kwa nusu na maji, na tone la sabuni ya vyombo ili izame. Ila ikikauka huwa ngumu, na ikiunganisha mataruma na plaiwudi, kelele ambazo koki ilizimeza hurudi. Kwa hiyo kokoto ziishie kwenye mteremko wa koki, zisiguse ubao.

Wenu,
Wajenzi wa reli za mfano,
Dar es Salaam