Barua ya wazi kwa Mkuu wa Wilaya yetu: yule mtu uliyetuahidi bado hajaja

Shikamoo Mheshimiwa,

Mimi ni kijana wa miaka 18, nilimaliza form four mwaka jana, sasa hivi nipo nyumbani namsaidia mama kuuza vitumbua. Hunijui ila mimi nakujua. Ulikuja mtaani kwetu ukasimama pale uwanja wa shule ya msingi ukasema utaleta mtu wa ushauri nasaha, atakuwa anakaa ofisi ya kata kila wiki, kijana yeyote mambo yakimzidi aende akaongee naye. Nilikuwa nimekaa chini na rafiki yangu, yeye ndo alinigusa na kiwiko akasema "huyu DC anaongea pointi". Kwa hiyo hata yeye alikusikia.

Mheshimiwa, huyo mtu hajaja. Labda umeambiwa amekuja, hajaja.

Jumapili iliyopita saa kumi na moja alfajiri rafiki yangu alinitumia meseji, "nisamehe kwa yote, usinitafute". Nikakimbia pekupeku mpaka kwa mjomba wake, mjomba akamkuta Mbagala Rangi Tatu anatafuta basi la kusini, begi la shule mgongoni, ndani jinzi mbili, tochi na chaja. Hajasema alikuwa anaenda wapi. Ila kwenye simu yake kuna video za wale magaidi wa Cabo Delgado kule Msumbiji, wanaongea Kiswahili kabisa kama chetu, na wale ndo walivuka mto wakashambulia kijiji cha Kitaya, Mtwara, Oktoba 2020. Siyo mbali Mheshimiwa, ni basi moja tu kutoka Rangi Tatu.

Huyu mtu nimeanza naye darasa la kwanza. Mimi Mkristo yeye Muislamu na haijawahi kuwa ishu, Idi nakula pilau kwao, Krismasi analala kwetu, baba yake alipofariki tukiwa form two alikaa kwetu wiki nzima. Matokeo yalipotoka mimi nikapata four yeye akapata ziro, basi akaacha kutoka nje, hata banda umiza kuangalia Yanga akawa haji. Nikawa namwashia hotspoti ili asiboreke. Yaani lile bando lilikuwa langu, hilo linaniumiza mpaka leo.

Mwanzoni zilikuwa video za watoto wanaouawa vitani, hata mimi niliangalia, inauma kweli. Halafu ikaja linki, akaingia grupu la Telegram, likifutwa anatumiwa linki nyingine. Mle kuna mtu anamwita kaka, kila usiku anamuuliza umekula? umeswali? unaendeleaje? Mimi nadhani hapo ndo walipompatia, maana toka baba yake afe hakuna mtu mzima aliyekuwa anamuuliza, na sisi marafiki tulidhani kachukia tu matokeo.

Siku moja akapita mbele ya jiko la mama bila kumsalimia. Mama akadhani hajamuona akamwita kwa jina, akageuka akamwangalia, akaondoka. Mama alibaki ameshika upawa mpaka vitumbua vikaungua. Mtoto aliyemlisha miaka kumi na moja kamnyima shikamoo. Jioni nikamfuata, akaniambia mtu kama mimi siyo wa kukaa naye, akanibloki.

Na watu wasiseme ni dini. Ustadhi aliyemfundisha Kurani toka mdogo alienda kuongea naye akaambiwa wewe ni sheikh wa serikali, yule mzee alitoka pale analia.

Miezi mitatu iliyopita nilienda ofisi moja ya serikali kueleza, wakaniambia kama hajafanya kosa hamna kesi. Nikaenda nyingine wakaniambia mlete kituoni. Mheshimiwa, mama yake hawezi kumpeleka mwanae kituoni, anaogopa kesi ya ugaidi, anawakumbuka masheikh wa Uamsho, kile kikundi cha Zanzibar, walivyokaa mahabusu miaka na miaka mpaka mashtaka yakafutwa 2021. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ipo toka 2002, sawa, lakini ile inamsubiri mtu akishaharibu. Kabla hajaharibu anaenda wapi? Ndo maana watu wananyamaza majumbani, siyo kwamba hawaoni.

Agosti 2021 kijana mmoja aliua askari watatu na mlinzi pale Salenda karibu na ubalozi wa Ufaransa, na polisi wenyewe walisema baadaye alikuwa anajifunza ugaidi mitandaoni. Toka Jumapili nawaza hilo tu. Nawaza kama na yeye alikuwa na rafiki aliyeona mambo yanabadilika akakosa pa kwenda kusema.

Siombi afungwe wala siombi mtufungie intaneti. Naomba mtu mmoja anayejua kuongea na kijana wa namna hii, aje na ustadhi wetu, akae naye, arudi kesho, arudi na keshokutwa, kama yule wa kwenye simu anavyorudi kila usiku. Uliahidi Mheshimiwa, mbele ya mtaa mzima uliahidi.

Sasa hivi yupo chumbani kwao, mjomba anakaa mlangoni. Mjomba ni konda, hajapanda gari toka Jumapili na tajiri kamwambia mwisho Ijumaa, asipofika anampa mtu mwingine kazi. Baada ya hapo tunabaki mama yake na mimi.

Jana mama yangu alinipa vitumbua vitatu nimpelekee, nikampitishia dirishani. Hakusema kitu. Baadaye akarudisha sahani, vimebaki viwili.

Mtu mmoja tu Mheshimiwa, kabla ya Ijumaa.

Ni mimi, kijana wako wa uwanja wa shule.