YAH: KOMPYUTA YANGU KUWEKEWA WINDOWS 11 BILA RUHUSA YANGU

Ndugu Meneja,

Salamu. Masharti ya kazi yenu mnayajua kuliko mimi na fomu niliyosaini iko kwenye faili lenu, kaisomeni. Imeandikwa kazi moja tu, kubadilisha feni. Feni ilikuwa inapiga kelele nikaileta, basi. Imerudi feni kimya kweli, hilo sikatai, lakini nimewasha nyumbani nakuta kile kitufe cha kuanzia kimehamia katikati, kumbe ndani ni Windows 11. Aliyewatuma nani?

Napiga simu naambiwa "tumekuwekea ya kisasa mama, ile ya zamani imeshakufa". Ndugu Meneja, mimi sikuwa nimelala. Kwamba Windows 10 huduma yake ya kawaida ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025 nalijua, na kwa kulijua ndo maana nikajiandikisha zile apdeti za usalama za mwaka wa nyongeza ambazo zinaenda hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Nilikuwa na mpango wangu. Naskani picha na barua za marehemu baba, nikimaliza ndo nihamie kompyuta nyingine, sio hii, kwa sababu hii prosesa yake ni Intel ya kizazi cha sita na Windows 11 inataka kuanzia cha nane, tena inataka TPM 2.0, ile chipu ya usalama, na yangu haina. Fundi wenu hayo yote aliyaona manake ukaguzi wa Windows 11 wenyewe ungemkatalia, akauruka. Na Microsoft wameshasema wazi, ukiweka kwa kulazimisha kwenye mashine isiyokidhi masharti huna uhakika wa kupata apdeti. Kwa hiyo mmenitoa penye apdeti mkanipeleka pasipo na uhakika nazo, halafu mnaniambia ni kwa ajili ya usalama wangu!

Sasa nije kwenye lililonileta kuandika. Nimefika kaunta kwenu kompyuta nimeibeba mwenyewe, foleni nyuma yangu ina watu, namweleza yule kijana taratibu kabisa, na yeye macho yako kwenye simu yake. Akasema, "Mama, wewe si unaangalia picha tu, mfumo utakusumbua nini? Mlete kijana wako wa nyumbani tumweleze yeye." Watu wakacheka. Nilisimama pale sina la kusema.

Na hiyo ilikuwa siku ya 12. Kwa nini siku ya 12? Kwa sababu siku ya kwanza nilipiga mkasema subiri tutakupigia, siku ya nne subiri, siku ya nane fundi hayupo. Mnajua nyie kwamba ukiapgredi una siku 10 tu za kurudi ulikotoka, zikipita mfumo unafuta wenyewe lile folda la Windows.old linalotunza mfumo wa zamani na mlango umefungwa. Na mnajua, au mlitakiwa kujua maana ndo kazi inayowalisha, kwamba kuna amri moja tu ya kuandika ndani ya hizo siku 10 inasogeza muda hadi siku 60. Hakuna aliyeniambia. Nimekuja kuisoma mwenyewe usiku muda ukiwa umeshapita. Na kabla ya kugusa chochote hakuna aliyeniuliza kama nina bakapu! Picha zipo kwa sababu nilizihifadhi mwenyewe kwenye diski ya nje, sio kwa huruma yenu.

Skana yangu ni ya siku nyingi lakini ilikuwa inasoma hata maandishi ya penseli yaliyofifia. Sasa hivi nikiichomeka taa inawaka, inasogea kama upana wa vidole viwili, inasimama, skrini inasema kifaa hakitambuliki. Draiva yake, ile programu ya kuiendesha, ni ya Windows 10 na kwenye Windows 11 haikubali. Barua ya baba niliyoiweka siku ile kujaribu bado iko pale chini ya kioo, sijaitoa, nikiitazama napandwa na hasira upya.

Halafu kijana ananiambia naangalia picha tu. Tena hakuishia hapo, juu sikuandika yote kwa sababu nilitaka kuwa na heshima. Alipomaliza kusema nimlete kijana wangu aliisukuma kompyuta kwa kiwiko ikaja upande wangu hadi ukingoni mwa kaunta, nikaidaka kwa mikono miwili, na yeye akamwita aliye nyuma yangu, "anayefuata". Mimi nikiwa bado nimesimama! Mtu mzima, nimelipa, nimeshika mashine kifuani, naambiwa anayefuata. Na msimamizi alikuwa kwenye kiti pale nyuma, akainamisha kichwa.

Ninachotaka. Nirudishieni Windows 10, safi, na programu zangu zote zilizokuwemo, na skana ijaribiwe nikiwepo naona kwa macho yangu ukurasa unaingia. Hayo yalikuwa ndo maombi yangu wakati naanza kuandika. Lakini kadiri ninavyoandika naona hayatoshi, mnirudishie na hela yote niliyolipa, ya feni pia, na mnipe barua ya kuomba radhi yenye saini ya meneja, sio meseji. Skana ikigoma hata baada ya hapo, mtanunua nyingine inayosoma penseli kama ile.

Nilikuwa nimewapa siku 14, nimefuta, ni siku 7 kuanzia mnapoipokea barua hii. Zikiisha sitapiga simu tena, simu zenu nimezichoka. Naenda kwa mwanasheria na kwa wanaosimamia haki za walaji, nikiwa na nakala ya fomu ile iliyoandikwa feni. Kuhamia mfumo mpya lini ni uamuzi wa mwenye kompyuta, na mwenye kompyuta ni mimi.

Na siku nitakayokuja kuichukua namtaka yule kijana awepo kaunta, simu yake akiwa ameiweka chini.

Mteja wenu,
namba ya fomu mnayo.