Shangazi, hivi ni kumlinda au kumfungia?

Shikamoo shangazi. Juzi tulivyoongea habari ya huyu mtoto aliyepata chuo nilikata simu mapema, sio kiburi, nilikua nalia. Ulisema binti akienda kusoma mbali peke yake ataharibika, bora atulie nyumbani apate mume kwanza, afu ukamalizia "tunamlinda tu mwanangu". Hilo neno kumlinda halijanitoka kichwani mpaka leo.

Manake nimelifuatilia, liko kila mahali, sio kwetu tu na wala sio la dini moja. Saudia mwanamke hakuruhusiwa kuendesha gari mpaka 2018, eti ndo heshima yake. Marekani, marathoni ya Boston mwaka 1967, Kathrine Switzer anakimbia zake na namba kifuani, msimamizi wa mbio akamvamia njiani anataka kuibandua ile namba, siku hizo walisema kilomita 42 zitamuumiza mwanamke. Dada akakimbia mpaka mwisho. Hata Uswisi tunayoisifia, wanawake walikaa bila kura ya taifa mpaka 1971.

Ila iliyonichoma kabisa ni ya Japani. Aprili 2018, mji wa Maizuru, meya yuko juu ya ulingo wa sumo, ile mieleka yao ya jadi, anahutubia, mara akadondoka. Wanawake wakapanda mbio, wakaanza kumbonyeza kifua, na spika zikatangaza wanawake washuke ulingoni, kwasababu mila inasema mwanamke hakanyagi pale. Mtu yuko chini hajitambui shangazi, na mila inahesabu nani kakanyaga wapi! Chama cha sumo kikaja kuomba radhi baadae.

Na Nepal kuna sehemu binti akiwa kwenye siku zake anatolewa ndani akalale kibandani, wengine wamefia humo kwa moshi au kuumwa na nyoka, mpaka 2017 ikatungwa sheria ya kuwaadhibu wanaowalazimisha. Na anayemtoa binti ndani mara nyingi ni mama yake au mama mkwe, mtu ambae nae alilala kibanda hichohicho. Hapo ndo nilikukumbuka wewe, nisamehe kusema hivi.

Kwasababu mi nimeliona lile daftari lako la hesabu shangazi. Lipo chini ya sanduku, umelifunga kwenye kitenge, vema nyekundu kila ukurasa mpaka katikati, halafu kurasa tupu. Ulivyoachishwa shule uolewe hata wewe uliambiwa wanakulinda, na sijawahi kukusikia ukisema ulilindwa na nini.

Huyu mtoto kafaulu, barua ya chuo anayo mkononi, na hakuna mtu hata mmoja kwenye kile kikao alomuuliza yeye anataka nini. Jumapili nakuja. Naomba ulitoe lile daftari umuonyeshe mwenyewe, tukae sisi watatu tu, umwambie zile kurasa tupu zilikuaje.