Mwaka ulioandikwa mgongoni si umri wa mdoli

Mhariri,

Tunaomba nafasi kidogo katika ukurasa wako wa barua. Mabelo ya vitu vya watoto yanayofunguliwa hapa Tabora siku hizi hayakosi midoli ya mashujaa wa katuni za Kimarekani, wale ambao mtaani wanaitwa masteringi. Zamani iliuzwa kwa fungu, pamoja na magari yasiyo na matairi. Sasa muuzaji anageuza mdoli, anaona mwaka mgongoni, na bei inaruka hapo hapo: "Huyu wa themanini na nne, huyu ni kumbukumbu!" Mnunuzi naye keshasikia kwamba huko Marekani kuna mdoli uliouzwa bei ya kiwanja. Anatoa hela. Muuzaji hakudanganya kwa makusudi, na mnunuzi hakuwa mjinga. Wote wawili wameusoma mwaka ule vibaya.

Mwaka ule mara nyingi ni wa hakimiliki au wa kalibu, yaani umbo la kumiminia plastiki. Chukua midoli ya Marvel Legends, ya mashujaa wa kampuni ya katuni ya Marvel, ile ya sentimita 15 hivi, iliyoanzishwa na kampuni ya Toy Biz mwaka 2002 na kuchukuliwa na Hasbro mwaka 2007. Hasbro hutumia kiwiliwili kimoja kwa mashujaa wengi: hubadilisha kichwa, viganja, mkanda na rangi, basi. Kalibu ikichongwa mwaka fulani, mwaka huo utaendelea kutokea pajani au chini ya nyayo hata kama mdoli wenyewe umetoka kiwandani miaka mingi baadaye. Midoli ya kampuni ya Mego ya miaka ya 1970, ile ya sentimita 20 yenye nguo za kitambaa, ni hivyo hivyo. Mgongoni pana namba za Kirumi, MCMLXXIV, yaani 1974, na mwili huo huo ukaendelea kuvalishwa shujaa huyu na yule hadi kampuni ilipofilisika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Jina la Mego lenyewe lilirudi sokoni mwaka 2018, kwa hiyo kuona jina peke yake hakutoshi.

Mtego wa pili ni kadi ya kizamani, ile karatasi ngumu ambayo mdoli huuzwa ukiwa umebandikwa. Hasbro iliipata kampuni ya midoli ya Kenner mwaka 1991 ilipoinunua Tonka, mmiliki wake, na miaka ya karibuni imekuwa ikiiweka nembo ya Kenner kwenye kadi za midoli midogo ya Marvel, ya sentimita 9 na nusu hivi. Lakini katika miaka ya 1980 Kenner ilitengeneza mashujaa wa DC, mshindani wa Marvel, yaani akina Superman na Batman. Wa Marvel walikuwa kwa kampuni ya Mattel. Kwa hiyo ukikuta nembo ya Kenner na Spider-Man kwenye kadi moja, kaa ukijua ni kitu cha juzi, hata kadi iwe imepauka na kukunjika namna gani.

Super Powers, midoli ya Kenner ya hao mashujaa wa DC, ni ya mwaka 1984 hadi 1986. Ina urefu wa sentimita 12 hivi na viungo saba: shingo, mabega mawili, nyonga mbili, magoti mawili. Bana miguu ya Superman kwa vidole viwili, mikono ipige ngumi. Flash ni kinyume chake: unabana mikono, miguu inakimbia. Mwaka 2022 McFarlane Toys ililirudisha jina hilo hilo kwa umbo linalofanana sana, ila mtambo wa kubana haumo. Bana polepole, mara moja tu. Plastiki ya ndani ina miaka 40, na mwili hauna skrubu ya kufungulia. Mtambo ukikatika ndio basi tena. Secret Wars, midoli ya Mattel ya mashujaa wa Marvel iliyoanza 1984, haina mtambo wowote. Ina viungo vitano tu, na kila shujaa alikuja na ngao ya plastiki yenye picha inayobadilika ukiigeuza. Ngao ikikosekana, mdoli huo ni nusu.

Hayo ni ya umri. Ugomvi wetu mkubwa uko kwenye rangi na umbo, kwa sababu hapo ndipo mdoli mzuri unapotupwa kwenye fungu la takataka na mbovu unapopewa bei. Mdoli uliotokana na katuni za zamani una toleo lake, yaani kitabu cha katuni ulichoiga, na bila kulijua toleo huwezi kusema kama mdoli umekosewa au uko sahihi.

Hulk wa kijivu hajaunguzwa na jua wala si feki. Katika toleo la kwanza la katuni yake, Mei 1962, alikuwa wa kijivu. Wachapaji wa wakati ule hawakuweza kuishika rangi hiyo, ikawa inabadilika ukurasa kwa ukurasa, na toleo la pili likamgeuza kijani. Daredevil wa njano naye ni wa Aprili 1964. Wekundu ulianza toleo la saba, mwaka 1965. Iron Man ana ngazi tatu: chuma cha kijivu Machi 1963, dhahabu tupu mwezi uliofuata, kisha nyekundu na dhahabu kufikia Desemba mwaka huo huo. Captain America mwenye ngao yenye pembe ni wa toleo la kwanza, Machi 1941. Toleo la pili tayari ngao ni duara. Batman wa Mei 1939 alivaa glovu za zambarau, na lile duara la njano nyuma ya popo kifuani halikuwapo hadi 1964. Anayekuuzia Batman mwenye duara la njano akisema ni "yule wa kwanza kabisa" amekosea kwa miaka 25.

Spider-Man wa Agosti 1962 tunamtazama kwapani. Mchoraji wake, Steve Ditko, alimchorea utando kati ya mkono na mbavu, na midoli inayomfuata huwa na vipande vya plastiki laini mahali hapo. Watoto huving'oa. Pitisha kucha ubavuni: kukiwa na mfereji mwembamba au kovu lililoinuka, utando ulikuwapo na umekatwa. Tazama na mwili. Spider-Man wa Ditko ni kijana mwembamba, magoti nje. Ukiona kifua cha mnyanyua vyuma, ujue kampuni imeazima kiwiliwili cha shujaa mwingine ikapaka rangi. Hilo kwetu ni kosa, hata kama mdoli ni mpya na viungo vinazidi 30. Njia fupi ni kufungua picha ya jalada la toleo husika kwenye simu, ukalinganisha sehemu nne: macho, alama ya kifuani, pindo la buti na glovu, na mahali koti la mgongoni linaposhikia. Pindo la buti lililochongwa ni kazi. Lililochorwa tu kwa rangi ni ubahili.

Halafu kuna kivuli. Midoli mingi ya siku hizi inayoiga katuni hupakwa mistari myeusi na kivuli cha buluu iliyokoza ili ifanane na wino wa kitabuni. Mtu anadhani ni uchafu, anachukua steliwaya na dawa ya madoa, anasugua mpaka anamaliza thamani yote. Kivuli cha kiwandani hufuata misuli na hukatika kwa unadhifu. Uchafu hukaa kwenye mikunjo ya viungo, na hutoka kwenye pamba yenye maji ya uvuguvugu. Jaribu pamba kwanza, kisigino, mahali pasipoonekana.

Sasa mkaguo wenyewe, mezani, mchana, na tochi ya simu. Anza kwa kuinua koti la mgongoni. Rangi iliyo chini yake ikiwa imekoza kuliko ya mabega, mdoli umekaa juani, na nyekundu ndiyo huwa ya kwanza kuchuja. Hakuna dawa ya kuirudisha. Kama hauna koti, linganisha kwapa na kifua, au nyuma ya goti na mbele. Kisha laza tochi ubavu iangaze kwa mshazari. Rangi ya kiwandani ina kingo zilizonyooka na unene mmoja. Iliyopakwa na fundi wa mtaani ina mistari ya brashi, na huwa imeingia ndani ya kiungo na kukigandisha.

Feki nyingi hufanywa kwa kutengeneza kalibu juu ya mdoli halali. Plastiki ikipoa husinyaa, kwa hiyo nakala hutoka fupi kwa milimita kadhaa na mistari ya uso huwa butu, kama sura iliyochongwa kwenye sabuni ikaogewa mara mbili. Rula ya shule inatosha. Pima kutoka kisigino hadi utosini, ulinganishe na vipimo vya orijino. Tazama pia maandishi ya pajani au nyayoni: kwenye nakala huwa yamefutwa, au herufi zimevimba.

Kiungo kilichokwama kisilazimishwe. Hapa ndipo vifundo vya miguu na viwiko hukatika, kwa sababu pini yake ni nyembamba kuliko njiti ya kiberiti na rangi imeigandisha. Chemsha maji, yaepue, subiri yatulie, tumbukiza kiungo nusu dakika hadi dakika moja, kisha kizungushe taratibu huku na huku. Upanga au mguu uliopinda ufanyie hivyo hivyo: unyooshe ukiwa wa moto, halafu uzamishe kwenye maji baridi ukiwa bado umeushika, vinginevyo utarudi ulivyokuwa. Wenye nguo za kitambaa uvue kwanza. Ule wa Mego ukilegea kama mlevi, tatizo ni mpira wa ndani uliochoka. Mpira hubadilishwa, na mdoli uliobadilishwa mpira haupungui thamani sana ilimradi muuzaji aseme.

Kiungo cha duara kilicholegea kipakwe tone la gundi nyeupe ya mbao, kikae saa 24 bila kuguswa, kisha kichezeshwe. Asetoni ya kutolea rangi ya kucha ni mwiko, thina ni mwiko: vinayeyusha plastiki ngumu palepale. Mdoli unaonata mikononi hauna mafuta ya mtu. Ni kemikali ya kulainishia plastiki inatoka yenyewe, na joto huiharakisha. Uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, uuanike kivulini, na usiufunge tena kwenye nailoni.

Na joto letu mnalijua. Nyumba ya bati isiyo na dari, Oktoba kabla ya mvua, ni jiko. Mdoli uliosimamishwa juu ya kabati utaanza kuinama kutoka vifundo vya miguu ndani ya wiki chache. Ulaze chali kwenye boksi, koti la plastiki laini likitenganishwa na mwili kwa karatasi nyeupe, maana likigusana na plastiki ngumu kwa muda mrefu huacha alama isiyofutika. Wenzetu wa Kigoma wana shida nyingine, unyevu wa ziwani: kadi na maboksi hufanya ukungu. Wayaweke mbali na ukuta na sakafu.

Kuhusu bei tutasema machache. Yale mamilioni yanayosikika ni ya midoli ambayo haijawahi kutolewa kwenye kadi, mara nyingi imepimwa na kufungiwa kwenye boksi gumu na wapimaji kama Action Figure Authority, wanaotoa alama hadi 100. Mdoli wa kwenye belo haumo katika mashindano hayo. Tunaukadiria kwa ukamilifu kwanza, rangi pili, viungo tatu, umri mwisho. Ukikosa koti au silaha yake tunashusha nusu nzima. Uliopakwa upya na fundi tunaulipia bei ya mdoli wa mtoto, basi. Wenye mashaka tunauacha.

Wauzaji nao tuna ombi kwao. Belo likifunguliwa, wekeni bakuli pembeni kwa vitu vidogo: viganja, ngao, vikoti, visu vya ukubwa wa punje ya mchele. Marvel Legends nyingi zimekuja na kipande kimoja cha mwili wa jitu, na mtu hukusanya midoli sita au saba ili aliunge jitu lote. Ule mkono mkubwa usio na mwenyewe, ambao hufagiliwa jioni pamoja na vifungo vya nguo, kuna mtu amebakiza huo tu.

Wakusanyaji wa midoli ya katuni,
Cheyo, Tabora