Oda ya spea za vichwa vya treni za modeli (zile ndogo za umeme), majina kabla ya Ijumaa

Wadau mambo vipi, wengi mna vichwa vimelala kabatini so tuagize spea pamoja, maana hapa Uingereza ukiagiza kaboni mbili za mota (vile vipande vinavyopeleka umeme ndani ya mota) peke yako hela ya posta inazidi bei ya kaboni zenyewe.

Mwenye kichwa cha Hornby (kampuni ya Uingereza ya treni za modeli) asome namba ya modeli kwenye boksi, ile inayoanza na R, kisha atafute karatasi ya sevisi ya hiyo modeli, kila kidude kina namba yake na nyingi zinaanza na X. Nitumieni hiyo namba jamani, sio "ile gia ya katikati"!! Na picha ya chini pia, maana injini ileile ya zamani na ya juzi zinaweza kuwa na mota tofauti kabisa.

Wenye mota ya X04 (ile ya zamani ya Tri-ang na Hornby) msikimbilie mota nzima, mara nyingi ni kaboni zimeisha au uchafu kwenye komyuteta, ile sehemu inayozunguka ambayo kaboni zinaigusa. Ukifungua cheki ile springi inayobana kaboni, mguu mmoja umevalishwa kimrija cha kuzuia umeme, kisipotee na urudishe upande uleule, la sivyo ni shoti.

Lima (kampuni ya Italia ya treni za modeli) ndo shughuli, jina lilichukuliwa na Hornby 2004 na spea mpya za mota zake ni adimu, so ama tununue kichwa kibovu tukichinje ama ufunge mota ya CD draivu, mimi napenda hiyo ya pili, inatembea taratibu vizuri.

Hela msitume bado, nipige hesabu kwanza.