Neema, huyo kinyonga wako anakaushwa

Mwanangu Neema,

Hujambo mama. Sisi huku wazima, mvua zimekata juzi tu na asubuhi Mlima Meru unaonekana wote mpaka kileleni. Picha za kinyonga wako tumezipata. Mama yako alipofungua ile ya kwanza simu ikamtoka mkononi, akasema futa hicho kidude haraka, na mpaka leo anaishika hiyo simu kwa ncha za vidole. Unawajua watu wa huku na kinyonga, wanaamini ana sumu, kumbe hana sumu yoyote, akikasirika sana atakung'ata kidogo na kukupigia "hsss" basi. Na jina umempa Mzee, sijui ndo unanisema mimi na mwendo wangu wa siku hizi.

Mimi picha nimezikuza moja moja alafu nikapanda nazo kwa yule jirani wa kule juu kwenye migomba, yule aliyekuwa anakamata vinyonga kwa ajili ya wasafirishaji kabla serikali haijasimamisha usafirishaji wa wanyama hai 2016. Kwanza alicheka. Alafu akaona macho ya Mzee yamezama ndani, na kwenye picha mbili kayafumba kabisa mchana kweupe, akaacha kucheka. Akasema mwambie binti yako huyo anakaushwa, na kinyonga anayelala mchana ni mgonjwa.

Sasa nisikilize vizuri. Pembe tatu zile kwa kawaida maana yake ni dume, basi umepona, manake majike yao hawatagi mayai, wanazaa watoto hai, kibao kwa mpigo. Na wewe unadhani umenunua mnyama wa Kimarekani kwa sababu umemkuta dukani Minneapolis, kumbe ni ndugu yetu. Kwao ni milima ya Kenya na hapa kwetu Meru, ingawa wa Meru ni wadogo zaidi. 1972 walitolewa Kenya wakapelekwa Hawaii kwa mwenye duka la wanyama, walifika wamechoka na safari akawaachia bustanini wapate nafuu, wakapanda miti wakatokomea, mpaka leo wamejaa kule, na wengi wanaofugwa Marekani wana asili hiyo ya Mlima Kenya. Kwa hiyo ukitaka kujua anahitaji nini usianze na duka, kumbuka kwa bibi yako ulipokuwa unalala kule likizo ya Juni. Mchana jua la wastani, jioni ukungu unashuka, usiku unajifunika blanketi mbili, asubuhi majani yote yamelowa umande unarudi na sketi imelowa mpaka magotini. Hiyo ndo hali ya hewa yake.

Uliposema umemwekea joto la 90 nilishtuka nikadhani anapikwa, mpaka mdogo wako akanikumbusha nyie mnapima kwa farenhaiti, nikapiga hesabu ikaja 32. Bado ni nyingi mno mwanangu! Sehemu anayoota joto, yani lile tawi lililo chini ya taa, isizidi 27 mpaka 29, kwa vipimo vyenu kama 80 na kitu hivi, na kwingine kote kizimbani iwe 21 mpaka 26 ili akishashiba joto ahame mwenyewe. Ukimwona kaachama mdomo juu ya tawi jua joto limemzidi. Akiachama hata kwenye ubaridi, na kuna mlio au makamasi, hicho ni kifua, usikae nacho nyumbani. Na usiku zima taa zote, hata hiyo nyekundu waliyokuuzia kwamba eti haioni, anaiona sana tu na inamnyima usingizi. Giza liwe la saa 12 nzima, na chumba kishuke mpaka 15 au hata chini kidogo, punguza hita ya chumba hicho wewe kalale kwingine. Najua roho itakuuma kumwacha kwenye baridi. Huyu baridi ya usiku ndo dawa yake, joto la usiku na mchana ndilo linamchosha mpaka anaisha.

Maji. Hapa ndo jirani alinyanyua sauti. Lile bakuli ulilomwekea angeweza kufa na kiu amesimama pembeni yake, kwa sababu kinyonga kwa kawaida maji yaliyotulia hayatambui kama maji, yeye anajua tone linalong'aa kwenye jani. Chukua chupa ya kupulizia, ile ya saluni, pulizia majani dakika kadhaa asubuhi kabla taa haijawaka na tena jioni ikizimwa, usikimbilie kuacha, mara nyingi anakaa anashangaa kwanza ndo anaanza kulamba. Mchana toboa chupa ya plastiki kwa sindano uiweke juu ya kizimba idondoke taratibu majanini, chini weka beseni. Alafu acha pakauke kabla ya kupulizia tena, manake kulowa kutwa nzima nako kunaleta ukungu na kifua. Sasa hivi Januari hizo hita zenu zinakausha hewa mpaka midomo inapasuka, sembuse yeye, nunua kile kipimo cha unyevu, mchana kisishuke sana chini ya asilimia 50, usiku kiwe juu zaidi. Alafu angalia kinyesi chake: kile kipande kinachotakiwa kuwa cheupe kikiwa cha rangi ya chungwa, kiu hiyo.

Dirishani mtoe. Najua uliona jua ukafurahi, ila kioo kinazuia ile mionzi ya UVB anayoihitaji kutengeneza vitamini D, bila hiyo hata umpe kalsiamu kilo nzima mifupa italainika tu, miguu inapinda, taya linakuwa kama mpira. Nunua taa ya UVB ya mrija mrefu iwekwe juu ya wavu, na uibadilishe kila mwaka au kabla, hata kama bado inawaka, mwanga unaouona unabaki lakini mionzi inakuwa imeisha. Kizimba kiwe cha wavu pande zote, kirefu kwenda juu, sentimita 120 hivi, kimejaa matawi membamba na mti wa fikasi wa kweli sio maua ya plastiki, na ukiweke juu ya meza, akikuona unamjia kutokea juu anadhani ni ndege kaja kumla. Kioo cha kujitazamia kiondoe, akijiona anadhani ni dume mwenzake. Na hiyo rangi nyeusi aliyo nayo kutwa haigi lile tawi la kahawia, hizo ni hadithi zetu, kinyonga anabadilika zaidi kwa joto na kwa hali ya roho yake. Weusi wa asubuhi anavuta joto, weusi wa siku nzima ana dhiki.

Nyenje unaomlisha wasizidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho yake, na walishe wao kwanza karoti na mboga za majani siku nzima kabla hujampa, nyenje mwenye njaa ni ganda tupu. Wapake kalsiamu kidogo, isiyo na vitamini D3, mavitamini mara mbili kwa mwezi yanatosha, aina hii ukimzidishia anavimba shingo. Waliobaki usiku watoe, wanamtafuna akilala. Akivua gamba usimsaidie kubandua, ongeza unyevu tu (gamba la kweli hilo, sio lile la wanasiasa wetu).

Na kumshikashika acha. Huyo sio paka, anakuvumilia tu.

Kesho mapema tafuta daktari wa mifugo anayejua reptilia, sio kila daktari wa mbwa anawajua hawa, ampime maji mwilini na uende na kinyesi wakiangalie minyoo. Niambie atakachosema, na kile kipande cheupe nipigie picha kila siku mpaka nione kimekuwa cheupe kweli, jirani naye anazisubiri. Ila tuma kwenye simu yangu mimi, ya mama yako usithubutu.

Baba yako